Beti Tano za Alhamisi

Nilipoanza kusomesha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya wasichana kule Ganjoni, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu, viatu vya visigino vilivyolia kwenye veranda, na maoni juu ya kila jambo. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa bara aliyeletwa Mombasa na kazi ya mumewe bandarini, alinipenda kwa sababu nilikuwa sichoki kujitolea. Leo nikimkumbuka yule mwalimu kijana natamani nimshike mkono nimkalishe chini. Aliyekuwa na uwezo wa kunikalisha alikuwa shangazi yangu, na habari yenyewe ndiyo hii, ya mimi na yeye.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na aliishi Kuze katika nyumba ile ile aliyozaliwa. Hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule. Alisoma Kurani chuoni, kisha bibi yake akamsomesha utenzi ambao bibi mwenyewe aliutunga. Utenzi huo haukupata kuandikwa. Ulikuwa na beti mia mbili na arubaini, na ulisimulia habari ya mwanamke aliyetoka na mtoto wake mgongoni mwaka wa ukame kutafuta maji, akaenda kisima baada ya kisima, kila kisima kina mwenyewe na kila mwenyewe ana jawabu lake. Wanawake wa kwetu waliupokezana kwa mdomo. Kufikia wakati ninaousema, wenzake waliokuwa wakiujua walikuwa wamekufa, au wameolewa mbali wakausahau. Aliyekuwa nao mzima, mwanzo hadi mwisho, alikuwa yeye peke yake.

Na wa kuupokea nilikuwa mimi. Alikwisha kuamua hivyo tangu nikiwa mdogo, wala hakuniuliza. "Wewe ndiwe utakayeupokea," akiniambia, nami nikijibu, "Inshallah, Shangazi." Inshallah yangu ilikuwa ile ya kumwambia fundi wa bomba, si ile ya kumwambia Mungu.

Ni mimi niliyemleta shuleni, na hilo silijutii. Fasihi simulizi ilikuwa imo katika mtihani, na kitabu tulichokuwa nacho kilieleza tenzi kana kwamba ni maradhi: dalili zake, aina zake, madhara yake. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nyumbani kwetu kuna mtu aliye na utenzi kichwani, akasema, "Mlete, tena mlete upesi." Basi kila Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, Shangazi alitoka Kuze kwa miguu, akapita Makadara, akaingia Ganjoni na buibui lake, polepole, akisimama penye vivuli. Wasichana walisukuma madawati ukutani, wakatandika mkeka, wakavua viatu. Yeye alimwamkia kila mmoja peke yake. Hujambo mwanangu, wazee hawajambo, nyumbani salama, na yule nduguyo aliyekuwa na homa? Mimi niliyekaa pembeni nilikuwa nikitazama saa.

Kisha alianza, na sauti yake ilikuwa na mahadhi yaliyopanda na kushuka bila kulazimishwa:

*Kisima kimekauka,*
*na ndoo zimeanguka,*
*mtaa wahangaika,*
*mama yu wapi na mwana?*

Alitoa beti tano tu kwa wiki. Alisema, wakamjibu, akasema tena, wakamjibu, mpaka mkeka mzima ukawa na sauti moja. Alhamisi iliyofuata kila msichana alitakiwa kurudisha zile tano, peke yake, akimtazama usoni. Na hapo ndipo palipokuwa na kanuni yake ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa: mpaka wote wawe wamerudisha, hakuna beti mpya. Wakiwa kumi na tisa wamerudisha na mmoja hajarudisha, wote watangoja.

"Hatumwati mtu nyuma," alisema. "Utenzi ni kama mkeka. Ukiruka ukili mmoja, ushauharibu."

Kulikuwa na msichana mmoja, babake alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa bara, Mkristo, na yeye mwenyewe alikuwa na haya nyingi mno. Alishikwa na ubeti wa kumi na nne. Mstari wa tatu ukifika, ulimkimbia. Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilitafuna kalamu. Wenzake walianza kumsomesha wakati wa mapumziko, penye mfereji, kwenye foleni ya chakula, hata vyooni, na Alhamisi ya nne akaurudisha wote bila kukwama. Wasichana wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Shangazi alimvuta akambusu kipaji cha uso. "Huyu hatausahau," akaniambia. "Mwenye kupata kwa tabu hasahau."

Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya wiki. Muhula umekwisha na tumefika ubeti wa thelathini. Kwa mwendo ule tungehitaji miaka, na mtihani haumngojei mtoto wa reli wala wa nani. Nasema haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyofikiri: yule msichana alikuwa ametuchelewesha.

Likizo hiyo tuliitwa semina, tukaambiwa kwamba dunia inabadilika, kwamba mwalimu mwenye chaki peke yake amekwisha kupitwa na wakati, na kwamba karibuni shule zitakuwa na video, na baada ya video kompyuta. Nilirudi nimejaa upepo. Nikaisumbua kamati ya wazazi mpaka wakatununulia redio kubwa ya kaseti, ile ya milango miwili, yenye uwezo wa kurekodi na wa kutoa kaseti moja kuiingiza katika nyingine. Mwalimu mkuu aliifunika kitambaa kilichodariziwa akaiweka ofisini mwake, na ufunguo wa kabati akanipa mimi. Bibi harusi aliyekabidhiwa nyumba hakufurahi kama mimi siku ile.

Nikaenda Kuze. Nilianza na magoti yake, kwa kuwa ni kweli yalikuwa yakimuuma. Nikasema, Shangazi, safari ya Ganjoni ni ndefu, kuna jua, mashine itakwenda badala yako. Akasema miguu ni yake na haijamlalamikia mtu. Nikamwambia mali bila daftari hupotea bila habari.

"Daftari langu ni wale wasichana," akajibu. Kisha akanitazama. "Na wewe."

"Na mimi nitakuwa nayo kaseti, Shangazi. Nitajifunza usiku na mchana."

Hapo alilegea. Nadhani alilegea kwa lile neno la mwisho. Lakini alikuwa na sharti moja. Wapo wanaoona sauti ya mwanamke haina neno ikisikiwa na wanaume, na waimbaji wanawake wa harusini Mombasa hawajawahi kukosa wasikilizaji. Shangazi hakuwasema vibaya, kila mtu na kaburi lake, lakini yeye alilelewa kwamba sauti yake ya mahadhi ni ya wanawake wenzake na watu wa nyumba yake basi.

"Isitoke nde ya chumba cha wasichana," alisema. "Hini ni amana. Wayua maana ya amana?"

Nikasema najua. Nilikwisha kukwambia kwamba nilikuwa najua kila kitu.

Tulirekodi nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri. Alifunga madirisha yote, akavaa leso mpya, akakaa wima kama anayepigwa picha. Aliniuliza amsomee nani. Nikamwonyesha redio.

"Hichi hakina mato," akasema. "Kaa hapa mbele yangu, nikuone."

Nikakaa. Yeye alinisomea mimi. Mimi nilikuwa nikiitazama taa nyekundu kuhakikisha kwamba inawaka. Alisoma bila karatasi, bila kusita, akageuka mwanamke yule wa visimani, akageuka mwenye kisima mkorofi, akageuka mtoto anayelia kiu. Sikulia. Nilikuwa nimeshughulika. Nilikuja na kaseti moja tu ya saa nzima, na upande wa pili ulipokwisha, redio ikalia *tak*, katikati ya ubeti wa mia na hamsini na kitu, mwanamke ameinama kwenye kisima cha sita.

"Imekufa?" Shangazi akauliza.

"Kaseti imekwisha. Nitaleta nyingine."

"Usilete," akasema. "Haya yawatosha watoto kwa mtihani. Yaliyobaki nitakupa wewe, kwa mdomo, siku utakaponirudishia haya ya mwanzo. Ndivyo nilivyopewa mimi."

Nikasema Inshallah.

Darasani mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Kwa vipindi vinne tulimaliza kaseti. Nilibonyeza, tukasikiliza, nikasimamisha, nikaeleza tamathali, nikarudisha nyuma, wakaandika. Hapakuwa na mkeka tena, madawati yalibaki mahali pake. Hapakuwa na wa kungojwa wala wa kungojea. Alama za mtihani wa ndani zilipanda, na mwalimu mkuu akanisifu mbele ya walimu wote, akasema hiyo ndiyo njia ya kisasa. Nilikaa na uso wa unyenyekevu. Sura hiyo niliifanyia mazoezi.

Ni yule mtoto wa reli aliyeniuliza. "Mwalimu, bibi haji tena?"

"Bibi amo humu ndani," nikamjibu, nikaipigapiga redio mgongoni. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Jibu lile limenirudia mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Sikumwambia Shangazi kwamba Alhamisi zimekwisha. Nilimtumia salamu tu kwamba apumzike wiki hii. Wiki iliyofuata nikatuma tena, na baada ya hapo sikutuma, kwa kuwa kulikuwa na kazi. Jirani yake ndiye aliyeniambia baadaye kwamba Alhamisi kadhaa alioga mapema, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango na mkoba wake mapajani. Jirani akimuuliza, alimwambia, "Huenda wakaniita."

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilipokaribia, wasichana waliniomba wasikilize nyumbani. Redio ilikuwa na milango miwili, na kitu kikiwezekana mtu hukifanya. Nikatoa kaseti nane. Nilipowagawia, kengele ilikuwa inalia, nikawaambia, "Msikilize wenyewe, wanaume wasisikie," kwa sauti ile ile niliyotumia kuwakumbusha wafute ubao. Hivyo ndivyo nilivyoilinda amana.

Mmoja wao alikuwa na kaka aliyekuwa na kibanda cha kuuza kaseti karibu na soko la Marikiti. Kaseti ikawa mezani kwao, kaka akaisikia, akaipenda. Hakuiba, maskini. Aliipenda tu.

Siku moja jioni nilipitia Kuze nikamkuta Shangazi amekaa sakafuni ukumbini, kikapu chake cha sokoni hakijafunguliwa, ndizi na muhogo vimo vile vile. Nilimwamkia, masalkheri Shangazi, akaitikia kwa upole wake wa siku zote.

"Leo nimekutana na nafsi yangu Marikiti," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alikuwa anachagua muhogo. Alisikia mwanamke anasoma, akawaza, huyu nani anayesoma kizuri hivi, tena asiye na haya, katikati ya wabeba mizigo na mikokoteni? Mtu haijui sauti yake mwenyewe. Ni maneno aliyoyatambua kwanza. Akageuka akaona kibanda, na wanaume wanne wamesimama, mmoja na gunia begani, wamenyamaza wanamsikiliza.

"Walikuwa wamenyamaza," alirudia. "Walisikiliza kwa adabu. Siwezi kuwalaumu."

Mimi nikaanza kulaumu. Nikamlaumu mwanafunzi, nikamlaumu kakake, nikasema watoto wa siku hizi hawana kauli. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Nilimpa nani, mwanangu?"

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningeshukuru.

Asubuhi yake nilikwenda Marikiti. Mwenye kibanda, kijana mstaarabu, alipojua alitaka kulia. Alitoa kaseti papo hapo akanipa kwa mikono miwili. "Mwalimu, niwie radhi," alisema. "Mimi nilidhani ni mtu aliyekufa zamani." Nikamuuliza kama ametoa nyingine. Akainamisha kichwa. Watu walikuwa wamemwomba, wa Kuze, wa Likoni, wengine asiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi nyumbani na kaseti moja mkobani, na sauti ya Shangazi imetapakaa mji mzima.

Tangu siku hiyo aliacha kusoma. Zamani alikuwa akichagua mchele, midomo ilikwenda, akifagia, ilikwenda. Sasa alifanya kazi zake kimya. Sikujua kimya kile kilikuwa na hasara gani. Nilidhani ni hasira, na hasira hupoa.

Nusu mwaka ukapita, ukakaribia mwaka. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana aliniita, akanikalisha pale pale tulipokaa siku ya redio.

"La sauti limepita," akasema. "Nimekusamehe, na Mungu ndiye msamehevu. Lakini mimi ni mtu mzima, na utenzi haukufika mwisho. Nirudishie ulio nao, nikupe uliobaki."

Nilikuwa na kaseti ile nyumbani kwa muda wote huo, ndani ya droo ya meza yangu, pamoja na penseli za kusahihishia. Kwa kuwa nilikuwa nayo, sikuwahi kuona haraka. Nilianza. Beti thelathini za kwanza, zile za mkekani, zilitoka vizuri, kwa kuwa nilizisikia zikirudishwa na wasichana ishirini, Alhamisi baada ya Alhamisi, hata nilipokuwa natafuna kalamu. Za thelathini na moja kwenda mbele nilizijua kwa habari tu. Nilijua mwanamke anakwenda wapi na anakutana na nani. Nilijua ni tamathali gani. Ningeweza kutunga maswali kumi juu yake. Maneno yenyewe sikuwa nayo. Na hapo, Mungu anisamehe, nikasema:

"Shangazi, nikimbie mara moja niilete kaseti?"

Alicheka, kicheko cha kweli, kidogo, chenye huruma zaidi ya uchungu. "Ndoo karibu," akasema, akanivuta nisogee. "Hakuna haja. Nitakupa hivi hivi. Bora utenzi ufike kwako nusu kuliko uende mzima kaburini na mimi. Toa kalamu uandike."

Nikatoa kalamu. Niliona aibu, na pia furaha, kwa sababu nilidhani nimeokolewa. Akavuta pumzi, akaanza kwenye kisima cha sita, pale kaseti ilipolia *tak*. Alitoa ubeti mmoja, wa pili, wa tatu. Niliandika mbio. Wa nne aliutoa polepole. Wa tano akasimama baada ya mstari wa pili.

"Ngoja," akasema.

Akaurudia wa nne, kama mtu anayerudi nyuma ili aruke. Akakwama pale pale. Akafumba macho, akaanza mbali zaidi, kisima cha tano, sauti ikapanda, ikashuka, ikaja vizuri, ikafika mstari ule, ikakatika. Midomo yake iliendelea kwenda bila neno. Nilimwona akihesabu kwa vidole kwenye leso. Kwa miaka yote, kwa wenzake kwanza na kisha kwa wasichana, alikuwa akitoa na kuwasikia wakirudisha, na kila aliyerudisha alikuwa akimrudishia yeye. Nilipouondoa ule mkeka nilidhani nawapunguzia kazi wasichana. Halafu nikamtia aibu hata akaacha kujisomea mwenyewe.

Alianza tena, safari hii kutoka mwanzo kabisa, *kisima kimekauka*, ubeti kwa ubeti, kwa muda wa zaidi ya saa nzima, nami sikuthubutu kujitikisa. Alasiri iliadhiniwa, ikapita, hakusimama. Alipofika kisima cha sita alipunguza mwendo. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano, mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

Akafumbua macho akanitazama usoni, kama yule mtoto wa reli alivyokuwa akimtazama yeye.

"Mwanangu," akasema, "unaofuata ni upi?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sikuwa na hata neno moja la kumpa.